Kambi ya Merikebu za Wanuru

Wodi ya Kifua Kikuu,
Tabora,
9 Juni, 1974.

Kaka yangu Mussa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta na siha njema huko porini. Huku nyumbani wazima wote, na mimi ni mzima wa kitandani. Mama anakusalimu sana. Kila alasiri anakuja kwa miguu kutoka Kanyenye na birika la uji. Muuguzi amemkataza kuingia, basi anasimama nje ya dirisha na kunisimulia mtaa mzima, nani kaposwa na nani kagombana na nani. Cherehani yangu amemwazima Tatu wa nyumba ya pili isije ikashika kutu. Mjomba Yahaya amevunja ukuta wa uani kwa sababu ulipinda, akajenga mwingine, nao umepinda vilevile.

Mimi sindano kila asubuhi. Damu kifuani imekoma, alhamdulillahi, lakini daktari anasema nitakaa humu mpaka mvua zipite. Usimwambie Mama, yeye anadhani nitatoka kabla.

Sasa nikuambie lililonifanya niombe kalamu. Unawakumbuka Wanuru? Wale uliokuwa ukinihadithia mkekani tukiwa wadogo, watu warefu wenye masikio yaliyochongoka, wasiozeeka, waliokaa kwenye misitu hii kabla ya binadamu, na walipochoshwa na kelele zetu wakajenga merikebu za mninga wakapanda nyotani. Nimewaleta wodini. Siku za mwanzo humu watu walikuwa wanalala wanatazama dari tu. Nikaanzisha mchezo. Kila mmoja amejichagulia nahodha wa Kinuru, na nahodha ana jina na merikebu yake. Mimi ndiye msimulizi. Nawaambia wamefika wapi na wanaona nini, nao wananiambia watafanya nini. Jambo likiwa la mashaka tunarusha kauri kwenye shuka. Zikilala nyingi mdomo juu, nahodha kafaulu. Zikilala kifudifudi, ana hasara yake.

Wachezaji wangu wakubwa ni wawili. Pelagia anatoka Ntalikwa, mwimbaji wa kwaya ya Wamoravian. Ukimwona hapa mpole, lakini nahodha wake ni mgomvi ajabu. Mwingine ni Mama Apolinaria, mtu mzima, Mkatoliki, kwao Itundwe kwenye ile njia ya zamani ya misafara. Mumewe, Mzee Bernardo, ni mrina asali.

Tatizo letu ni kwamba merikebu hazina pa kutua. Adui anatuandama. Tumemwita Wakavu, merikebu zake hazina taa, na zikikukaribia unakosa pumzi. Manahodha wanataka kambi ya kivita huko nyotani, yenye gati, malango na mizinga. Wewe ndiye mpimaji wa ardhi, una kalamu za kuchorea na rula. Nichoree, kaka.

Halafu Mama Apolinaria anauliza: kwa kuwa unapima huko huko njia ya Ujiji, je, umefika Itundwe? Mzee Bernardo hajaleta salamu tangu Pasaka. Watu wanasema malori yanakuja kuhamisha vijiji. Ni kweli?

Mdogo wako,
Batuli


Kambi ya Upimaji,
Stesheni ya Usinge,
2 Julai, 1974.

Mdogo wangu mpendwa Batuli,

Marahaba. Barua yako nimeipokea, nikaisoma mara mbili papo hapo stesheni, hata bwana wa treni akaniuliza kama kuna msiba. Mwambie Mama mimi sijambo, nakula vizuri, na ile shuka nzito aliyonipa inanifaa maana asubuhi huku baridi inauma. Ukuta wa Mjomba nimeucheka peke yangu.

Kazi ni nyingi. Tunapigilia vigingi vya vijiji vipya kandokando ya njia ya zamani, na serikali inataka watu wawe wamekwisha hamia kabla ya mvua. Mkuu wetu wa kambi ni Bwana Shilinde, mtu asiye na mzaha. Akiona kigingi kimesogea hata kidogo, tunarudia mstari mzima.

Kwa hiyo hujui ulivyonipa raha. Nimeichora kambi yako jioni tatu mfululizo. Tazama ndani ya bahasha. Nimechukua jiwe kubwa linaloelea angani upande wa zile nyota za Kilimia, nikalichonga. Ukuta umezunguka pande zote. Lango ni moja tu, pana, lenye mizinga kulia na kushoto, ili adui asipate pa kupenyea. Ndani kuna uwanja wa bendera, na kuuzunguka ni gati za merikebu, zimepangwa kwa mistari iliyonyooka. Nyuma yake nyumba za mabaharia, mistari vilevile, kila nyumba na namba yake. Nadhani ni kazi nzuri, nijisifu mwenyewe.

Itundwe naifahamu. Ni mahali pazuri.

Kunywa dawa zako zote, hata zile kubwa unazoficha chini ya godoro. Nakujua.

Kaka yako,
Mussa


Wodi ya Kifua Kikuu,
Tabora,
20 Julai, 1974.

Kaka Mussa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mama amepata mguu wa kuvimba, amepumzika siku mbili, sasa anakuja tena. Tatu kashona gauni lake la kwanza kwa cherehani yangu, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na amelivaa hivyo hivyo. Dawa nakunywa.

Ramani tuliitandika kitandani kwa Pelagia na wodi nzima ikaja kuitazama. Usikasirike kwa nitakayokuambia. Pelagia aliitazama, akasema, “Hawa mbona wanakaa kama watu wanaongoja kuhesabiwa?” Mimi nikakutetea, nikasema ni ya kivita, lazima iwe na mpango.

Mama Apolinaria alifuata ukuta wa ramani kwa kidole mpaka ukaisha. Halafu akauliza, “Hewa wanaipata wapi?”

Kaka, katikati ya nyota hakuna hewa, si walisema hivyo redioni wale watu walipokwenda mwezini? Umechora mizinga, umechora bendera, hukuchora hewa. Na humu ndani hewa ndiyo jambo la kwanza. Mtu akiamka anaihesabu kabla ya kusali. Wakaanza kupiga makelele wote kwa pamoja, huyu anataka ghala la hewa, yule anataka msitu humo humo ndani ya jiwe upumue, mwingine anataka hospitali yenye madirisha pande zote mbili. Apolinaria akasema mumewe huziba mizinga yake ya nyuki kwa nta na hata mvua ya masika haipenyi, basi na mapipa ya hewa yazibwe kwa nta. Tukamshangilia mpaka muuguzi akaja.

Kisha tukaijaribu kambi yako. Nikawaletea Wakavu. Kauri zikaanguka vibaya, Wakavu wakaziba lile lango moja. Merikebu ya Pelagia ikanaswa ndani, na za wenzake zikabaki nje zikimsikia. Tulianza tukicheka. Baadaye nikaona Pelagia analia machozi ya kweli, ameshika ukingo wa kitanda. “Nifungulieni,” anasema, “nifungulieni.” Nikasimamisha mchezo.

Basi tuchoree upya. Malango yawe matatu, na moja liwe la siri.

Sasa la pili. Uliandika kwamba Itundwe ni mahali pazuri, ukaishia hapo. Mama Apolinaria aliniomba niisome tena sentensi hiyo, nikaisoma. Akaniomba mara ya tatu. Kaka, wewe mtu wa maneno mengi. Mzee Bernardo yuko salama au hayuko?

Batuli


Kambi ya Upimaji,
Usinge,
25 Agosti, 1974.

Mdogo wangu Batuli,

Marahaba, na unisamehe kuchelewa. Mwezi huu hatukulala mahali pamoja, tulikuwa tukihama na hema. Mpe Mama pole ya mguu, apake mafuta ya nyonyo yenye moto. Nimemtumia Mjomba salamu kwa dereva wa lori, sijui kama zimefika.

Pelagia mwambie nimekubali. Nilipoitazama tena ramani yangu niliona ni kweli.

Hii hapa ya pili. Mistari yote nimeifuta. Kambi sasa imekaa kama sega la asali. Kila merikebu inaingia pua mbele kwenye tundu lake, na kila tundu lina mlango wake, hivi kwamba moja likiharibika mengine yanaishi. Upande wa kaskazini ni mapipa ya hewa, makubwa, ya mviringo, yamefukiwa nusu ndani ya jiwe na kuzibwa kwa nta. Katikati hakuna uwanja tena, kuna msitu wa mininga na mitundu. Hospitali iko juu kabisa, madirisha pande mbili kama walivyotaka. Mizinga nimeiacha, maana Wakavu hawana huruma, lakini nimeipeleka mbali na watu. Malango ni matatu. La siri liko nyuma ya bustani, na ni mabaharia wenyewe wanaolijua. Wakubwa wao hawalijui.

Nilipokuwa naimalizia, Bwana Shilinde aliingia hemani bila hodi.

“Kambi hii iko wapi?”

“Angani, bwana.”

“Angani wapi?”

“Upande wa Kilimia.”

Nilidhani atacheka. Akaiinua karatasi kwenye mwanga, akaweka kidole kwenye mapipa. “Na matangi haya ni ya nini?” Nikamwambia ni ya hewa. Akaniuliza nani ameniagiza, nikasema dada yangu yuko hospitali. Akasema anataka kuitazama vizuri, akaondoka nayo. Hii uliyonayo ni nakala niliyochora upya kwa kumbukumbu, kwa hiyo lango la pili huenda limesogea kidogo.

Mwambie Mama Apolinaria mumewe ni mzima. Nimemwona kwa macho yangu na tumesemezana. Zaidi ya hapo usiniulize, tafadhali.

Mussa


Usinge,
12 Septemba, 1974.

Batuli,

Salamu kwa Mama na wote. Mimi sijambo.

Usiniandikie tena habari za kambi, wala merikebu, wala malango. Niandikie habari za afya yako tu. Ukiwa na ile karatasi niliyokutumia, ichome.

Mussa


Wodi ya Kifua Kikuu,
Tabora,
23 Septemba, 1974.

Kaka Mussa,

Shikamoo, ingawa nimekasirika. Mwezi mtukufu umeingia, Mama anafunga na bado anatembea na birika juani. Mimi daktari amenikataza kufunga. Umesema niandike habari za afya, basi hizo: uzito umeongezeka, kikohozi kimepungua, usiku nalala. Zimekwisha.

Nimekukosea nini? Ramani ya pili imewafanya watu humu waamke asubuhi wakiwa na jambo la kungoja. Wamekuwa wakibishana juu ya lango la siri hadi wanasahau kuomba kutoka. Unaniambia niichome! Sikuichoma. Nimemwachia Pelagia, na Pelagia ukimnyang'anya kitu lazima uwe na askari.

Nadhani unajua jambo la Itundwe na unaona haya kulisema, basi unaufunga mchezo mzima ili usiulizwe. Na Mama Apolinaria siku hizi haulizi tena. Anacheza, anarusha kauri, anacheka, lakini jina la Mzee Bernardo halitoki mdomoni mwake. Hilo linaniogopesha kuliko alipokuwa akiuliza kila siku.

Nilikuwa nimefika hapa nikaichukua bahasha yako ya mwisho nitazame tarehe ya stempu. Kaka, imefunguliwa. Mtu ameifungua kwa mvuke akairudishia gundi, tena gundi nyingi, imevuja hadi kwenye jina langu. Nikaitafuta na ile ya Agosti. Nayo hivyo hivyo.

Sasa nimeelewa. Nisamehe. Nilikuwa nakuandikia adui na mizinga na lango la siri, na mtu alikuwa anasoma.

Nimetaka kuichana barua hii, lakini nikisema ghafla habari za kuku na mbuzi atajua nimejua. Acha nimwambie mwenyewe. Wewe unayeisoma kabla ya kaka yangu, hujambo? Hiyo kambi ni ya mchezo, na wachezaji wapo. Kama unaitafuta, njoo uione. Saa ya kutazama wagonjwa ni alasiri. Usimsumbue ndugu yangu kwa jambo ambalo mimi ndiye niliyemtuma.

Batuli


Wodi ya Kifua Kikuu,
Tabora,
2 Novemba, 1974.

Kaka yangu Mussa,

Shikamoo popote ulipo. Sikukuu imepita bila wewe. Mama alipika pilau akakuwekea sahani, akaifunika, na jioni akampa jirani. Dereva wa lori ndiye aliyetuletea habari kwamba umeteremshwa Tabora na watu wawili kwa ajili ya mahojiano. Mama amekwenda ofisi hadi ofisi. Wanamwambia rudi kesho. Barua hii anaichukua mkononi, na amesema atakaa mlangoni mpaka mtu aipokee.

Nikuambie yaliyotokea, ili ukiulizwa tena tusipishane.

Juzi alasiri alikuja mtu, jina lake Bwana Mahona, afisa wa usalama. Alisimama mlangoni ameziba mdomo kwa leso. “Batuli ni nani?” Nikainua mkono. Hakukaribia. Akaikunjua ramani yako, ile aliyoichukua Shilinde, akainyoosha mbele yetu.

“Kambi hii ni ya jeshi gani?”

“Ya Wanuru,” nikasema.

“Msinichezee. Matangi haya ya petroli yako wapi? Reli iko upande gani? Nani mnamwita adui?”

Pelagia alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani. Ni Mama Apolinaria aliyeshuka kitandani, akavuta kigoda akakiweka karibu na dirisha, mahali penye upepo. “Kaa hapa, baba,” akamwambia, “hapa hutapata ugonjwa. Mambo haya hayaelezeki. Yanachezwa.”

Alikataa. Kisha nadhani aliona kwamba akituuliza mmoja mmoja kwa mbali vile tutashinda hapo mpaka magharibi. Akakaa.

Nikamwambia yeye ni nahodha, na merikebu lazima iwe na jina. Akasema haina haja. Kutoka chini ya shuka Pelagia akasema, “Isiyo na jina haitui.” Akafikiri, akasema taratibu, “Basi iitwe Nyamizi.” Baadaye akaongeza kwamba ni jina la mama yake.

Nikaanza kumsimulia. Umetoka mbali, bwana, mabaharia wamechoka, Wakavu wako nyuma yako, na mbele unaiona kambi inang'aa kama sega lililoelekezwa juani. Unafanyaje? Akasema, “Naamuru wafungue lango.” Pelagia ndiye bawabu. Akajifunua uso, akajibu, “Hapa hakuna amri, kuna foleni. Uko nyuma ya merikebu mbili.” Muuguzi alicheka, akajifanya anakohoa.

Tukarusha kauri. Zikalala kifudifudi zote. Nikamwambia merikebu yake imetoboka ubavuni, hewa inavuja. Akaniuliza haraka, “Imebaki kiasi gani?” Nikasema ya kuwatosha nusu ya watu wake. Kaka, alikaa mbele kwenye kigoda. Ile leso ilikuwa imeshuka mkononi na mwenyewe hajui. Akasema hawezi kuchagua nusu, akaomba kurusha tena. Nikamwambia sheria hairuhusu. Akakasirika! Akasema sheria hiyo mbovu, ameitunga nani? Hapo nikajua amekwisha kuona kwamba ni mchezo kweli, si njama, kwa sababu mtu hakasirikii sheria za mchezo anaoudhani wa kusingizia.

Lakini hakusahau kilichomleta. Akaweka kidole kwenye mapipa. “Hewa,” akasema peke yake. Kisha akainua macho. “Na hao Wakavu? Nataka ukweli. Ni serikali?”

Mama Apolinaria akataka kujibu, na kikohozi kikamshika, kile cha kwake kirefu, cha kuinamisha mgongo. Tulingoja mpaka kikaisha. Akajifuta mdomo, akasema, “Umemsikia, baba. Adui wetu sote humu ni mmoja, na anakaa kifuani. Tulitaka mahali asipoweza kuingia. Kijana wa watu akatuchorea.”

Bwana Mahona alitazama vitanda, kimoja kimoja. Akaikunja ramani polepole. Akasema lazima arudi nayo. Hakusema utatoka, wala hakusema hutatoka. Alipofika mlangoni aligeuka, akaniuliza nahodha wake ameishia wapi. Nikamwambia yuko nje ya lango, bwana, anangoja.

Akatikisa kichwa, akaondoka. Tangu hapo hatujasikia neno. Kama wanakupa chakula, kula.

Mdogo wako,
Batuli


Usinge,
20 Novemba, 1974.

Mdogo wangu Batuli,

Marahaba. Nimetoka, na nimerudishwa kambini. Mama alinikuta mlangoni pale alipokaa na barua yako. Hakulia, alinitengeneza ukosi wa shati tu. Nilikolala siku hizo sitakuandikia. Sikupigwa. Yatosha.

Bwana Mahona aliniuliza swali moja la mwisho, kwa nini lango la siri wakubwa hawalijui. Nikamwambia ndivyo wachezaji walivyotaka. Akanitazama sana. Akasema, “Nenda kazini, na uchore unachotumwa.” Bwana Shilinde sasa ananiamkia kwanza, ila machoni hanitazami.

Mvua ya kwanza imenyesha jana. Sasa nikupe jibu lako la Juni.

Itundwe haipo. Malori yalifika katikati ya Agosti. Walishusha mapaa ya nyumba ili mtu asirudi. Mzee Bernardo alikitoa kitanda chake akakiweka katikati ya njia ile ya zamani, akakaa juu yake mpaka lori la mwisho. Hakutukana mtu. Alipoona limejaa, alikibeba mwenyewe akapanda. Mizinga yake imebaki msituni, mwendo wa nusu siku.

Kijiji kipya wanakokaa nilikipima mimi. Mistari ile Pelagia aliyoicheka ndiyo hiyo hiyo. Nilikuwa naichora mchana kwa serikali na jioni naichora kwenu, na sikuona tofauti mpaka mliponiambia.

Siku ile Mzee Bernardo alinifuata, akaniuliza kama mimi ndiye mwenye dada hospitali. Akasema, “Mke wangu asiambiwe kabla hajamaliza sindano. Akijua atatoroka, na akitoroka atakufa.” Nikampa ahadi. Kumwahidi kulikuwa rahisi, Batuli, maana kulinipa sababu ya kunyamaza hata kwako.

Wewe ndiye unayemwona. Pima mwenyewe kama aambiwe sasa.

Mussa


Wodi ya Kifua Kikuu,
Tabora,
8 Desemba, 1974.

Kaka Mussa,

Shikamoo. Mama tangu urudi amenenepa, anasema ni mvua. Ukuta wa Mjomba umeanguka, mvua ya pili tu. Pelagia anakusalimu na anauliza kambi ya tatu itakuwa lini.

Nilikaa na barua yako wiki nzima. Jana daktari alimwambia Mama Apolinaria kifua chake kimesafika, atatoka kabla ya Noeli. Basi nikamshika mkono nikamsomea yote.

Hakushtuka. Akaniambia, “Mwanangu, nilijua tangu ulipoleta salamu kwamba mume wangu ni mzima na usiulize zaidi. Mtu akiwa kwake hasemwi hivyo.” Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema, “Ningesikia kwa masikio ningeondoka usiku uleule. Nilitaka kupona.” Halafu akalia, kaka, na mimi nikalia naye, na wodi nzima ikageukia ukutani kutupa nafasi.

Leo ameamka ana ombi moja. Atateremka Usinge na hakuna atakayempokea, maana Mzee Bernardo hajui siku. Hataki kufika kijiji asichokijua na kusimama barabarani akiuliza watu baki nyumba yake ni ipi. Anasema kama ulikipima wewe, umwelekeze wewe.

Batuli


Usinge,
15 Desemba, 1974.

Mdogo wangu Batuli,

Marahaba. Nakuandikia haraka, treni ya Tabora inaingia leo. Msalimu Mama. Mpe Mama Apolinaria karatasi hii aishike, au umsomee mpaka imkae moyoni.

Mama, shikamoo. Ukiteremka stesheni, usifuate watu wanaokwenda sokoni. Shika njia ya zamani, unaijua, ile ya babu zenu wapagazi. Utavuka korongo. Sasa lina maji, ila wameweka magogo. Ukipanda upande wa pili utakiona kijiji chote mara moja, kwa sababu miti ilikatwa. Usiogope. Nyumba zinafanana, lakini watu ni wale wale wa Itundwe, utawasikia kabla hujawaona.

Pita bomba la maji. Halina maji bado, tumeahidiwa. Ingia mstari wa pili, tembea huku kisima kiko mkono wako wa kulia.

Milango yote ya mstari huo inatazama barabara, kama nilivyochora na kama amri ilivyosema. Utafika kwenye nyumba moja ambayo mwenyewe alipoijenga aliupa mlango upande wa nyuma, ukatazama msituni, kuliko na mizinga yake. Nimetumwa mara mbili nimwambie auzibe afungue mwingine mbele. Nimekwenda mara zote mbili, tumekunywa maji, tumezungumza habari za nyuki, nikarudi.

Zunguka nyuma, mama. Usibishe hodi, ni kwako.

Mussa